Bei Mbili Gatini Shela

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi mtaa wa Langoni, Lamu. Tangu nimalize Kidato cha Nne niko nyumbani. Alfajiri namsaidia mama kukaanga mahamri ya kuuza, na usiku, bando likiwa nafuu, najifunza kutengeneza tovuti kwa laptopu kuukuu aliyoniletea kaka yangu kutoka Mombasa. Sina wa kunifundisha. Natazama video, nasimamisha, naandika, narudisha nyuma. Huu ni mwezi wa nane.

Mjomba wangu ana mashua ya kutembeza wageni. Aliponiona nashinda kwenye laptopu akanipa shilingi 10,000 nimtengenezee tovuti. Nikajenga kurasa tisa: ule wa mwanzo, na nane za safari, yaani Takwa, Manda Toto, Matondoni, machweo na nyinginezo. Mmoja niliutengeneza vizuri, nikaunakili mara nane, nikabadilisha maneno na picha. Nikajiona fundi.

Mwezi wa saba Mjomba akapandisha safari ya machweo kutoka 3,500 hadi 4,500. Nikabadilisha kwenye ukurasa wa machweo, nikasahau kuwa bei hiyo niliiandika pia kwenye ukurasa wa mwanzo. Wiki iliyofuata mke na mume wakamfikia gatini Shela, simu mkononi, wanamwonyesha 3,500. Nahodha wake naye akafungua simu yake, tovuti hiyo hiyo, inasema 4,500. Watu wakakusanyika. Mjomba akawachukua kwa 3,500. Usiku alikuja kwetu, akavua kofia, akaiweka mezani, akanywa kahawa yake mpaka mwisho bila kunisemesha. Angenigombeza ningelala.

Tangu siku ile kila ninachogusa kinaharibika. Nilisikia rangi na herufi zinawekwa kwenye faili moja ya CSS. Nimeitengeneza, lakini nikibadilisha rangi ya bei humo, kurasa nyingine zinatii na nyingine hazitii. Nikabandika !important kila mstari, sasa hata nisichotaka kibadilike kinabadilika. Kwenye simu maandishi ni madogo kama chawa. Picha kwangu naziona zote, nikipandisha mtandaoni nusu hazipo. Nikajaribu PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti: nabofya faili, brauza inanionyesha msimbo wangu mwenyewe.

Mtoto wa Mjomba anasomea kompyuta Nairobi. Ananicheka, anasema PHP ni ya wazee, tupa yote uanze na React. Na Mjomba anataka kabla ya Desemba wageni waweke nafasi na walipe humo humo. Mwalimu, nianze upya? Au nimrudishie elfu kumi zake, ambazo nusu nishazila kwa bando?

Fundi Nusu, Langoni


Marahaba, mwanangu, na pole kwa kahawa ile. Mimi hapa Malindi niliwahi kuandika nambari ya simu yenye tarakimu moja iliyokosewa kwenye tovuti ya nyumba ya wageni. Kwa miezi miwili wateja walikuwa wakimpigia muuza samaki, na mwisho wake yule bwana akaanza kuwapangia vyumba. Kwa hiyo usinione nimekaa juu.

Usianze upya, na pesa usirudishe. Ninavyoisoma barua yako, kosa ni moja tu limevaa nguo nyingi: kitu kile kile umekiandika mahali pengi. Rangi mahali tisa, menyu mahali tisa, bei mahali pawili. Rangi dawa yake ni CSS. Bei dawa yake ni PHP na hifadhidata. Wewe umezinywa zote usiku mmoja, ndiyo maana kichwa kinakuzunguka.

Hata wenyewe waliozitengeneza walianzia kwenye kero kama yako. Mwaka 1994 kurasa za intaneti zilikuwa zimeanza kuwa nyingi, na hapakuwa na njia moja ya kawaida ya kuupa ukurasa sura bila kuichanganya na maneno yake. Mnorwei mmoja aliyekuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, Håkon Wium Lie, akatoa pendekezo tarehe 10 Oktoba mwaka huo: maneno yakae kwake, mapambo yakae kwake. Toleo la kwanza la CSS likapitishwa rasmi na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, Desemba 1996. Na PHP? Rasmus Lerdorf alikuwa ameweka wasifu wake wa kazi mtandaoni akataka kujua nani anausoma, akajiandikia vijiprogramu vya kumsaidia, na mwaka 1995 akavitoa kwa umma. Wewe sasa umewashwa na bei ya machweo. Anzia hapo unapowashwa.

Tuanze na rangi zinazokataa kutii. Fungua ukurasa mmoja usiotii utafute neno style= ndani ya HTML, ile lugha unayoandikia ukurasa wenyewe. Naweka sahani ya mahamri kwamba utalikuta, tena mara nyingi, kwa sababu ukurasa ule wa kwanza uliunakili na mapambo yake yakiwa yameshonewa humo humo. CSS ina ngazi za amri. Chukulia nyumbani kwenu: serikali ina sheria, mtaa una desturi zake, lakini mama akisema neno mezani, mezani hapo ndilo linalopita. Amri iliyoandikwa ndani ya alama yenyewe ya HTML ni neno la mama. Faili yako ya nje ni sheria ya serikali, inaamrisha kutoka mbali, na mama hana habari nayo. Kurasa zinazotii ni zile ambazo kwa bahati ulisahau kuzishonea. Ile !important ni kupiga kelele ili usikike juu ya mama. Utasikika kweli, lakini kesho ukitaka kubadilisha jambo dogo itabidi upige kelele kuliko kelele zako za jana.

Kwa hiyo toa !important zote. Kisha ukurasa baada ya ukurasa, futa kila style= na badala yake kipe kitu jina kwa class. Bei ya machweo ipate class="bei", na katika faili ya CSS uandike:

.bei {
  color: #8a3b12;
  font-weight: bold;
}

Angalia nilivyoipa jina. Sikuiita "kahawia". Ningeiita hivyo, siku Mjomba akitaka bei ziwe za kijani kama ukingo wa mashua yake, ungekuwa na kitu kinaitwa kahawia na ni kijani, na mwaka mmoja baadaye wewe mwenyewe hungejielewa. Taja kitu ni nini: bei, menyu, kadi ya safari. Sura utaibadilisha utakavyo.

Amri mbili zikiwa za daraja moja, ya chini ndiyo inayoshika, kwa sababu brauza inasoma kutoka juu. Kitu ulichokipa id kinaishinda class, na class inalishinda jina tupu la alama kama p au h2. Ukishika haya matatu na lile neno la mama, umeshika sehemu kubwa ya ugomvi wa CSS. Na ukiona umebadilisha na hakuna kilichobadilika, kabla hujalia bonyeza Ctrl na F5 pamoja. Brauza huweka nakala ya faili ya jana ili kukuokolea bando, na mara nyingine inakuonyesha hiyo ya jana.

Kuna kitu kimoja zaidi kitakachokutesa, nikitaje sasa hivi. Ukiandika kisanduku kiwe na upana wa 300px, kisha ukakipa padding, yaani nafasi ya ndani, ya 20px kila upande, upana wake halisi unakuwa 340px, na mpaka ukiwepo unaongezeka tena. Ndipo kadi tatu zinazotakiwa kukaa safu moja zinapokataa na ya tatu kushuka chini. Juu kabisa ya faili yako andika box-sizing: border-box kwa kila kitu, na 300 itakuwa 300.

Maandishi ya chawa ni jambo la dakika tano. Umekosa ule mstari wa meta wa viewport kwenye kichwa cha HTML, basi simu inadhani ukurasa ni wa kompyuta na kuuminya wote utoshee. Uweke, halafu popote ulipoandika width: 1200px uandike max-width. Picha nazo: jina la faili kwenye kamera ni IMG_2041.JPG, wewe kwenye HTML umeandika .jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Seva nyingi za mtandaoni, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, zinaendeshwa kwa Linux, na Linux inajali. Badilisha majina yote yawe herufi ndogo bila nafasi. Na tafadhali zipunguze uzito kabla ya kuzipandisha. Picha ya simu inaweza kuwa MB nne au tano, na mgeni aliyesimama Mokowe akisubiri boti hatakungojea.

Sasa bei, ambayo ndiyo iliyomvua Mjomba kofia.

Unazijua nyumba za mawe za Lamu. Mgeni anakaa dakani, pale mlangoni penye mabaraza, na jiko liko juu kabisa darini. Mgeni haoni jiko. Anaona sinia likishuka. PHP inafanya kazi jikoni, yaani kwenye seva. Inasoma, inahesabu, inapika, na kinachoshuka kwa mgeni ni HTML tupu. Ukibofya faili ya PHP kwenye laptopu yako ni kama umemshushia mgeni unga na mafuta ukamwambia karibu ule. Hakuna aliyepika. Weka PHP kwenye laptopu, ufungue dirisha jeusi la amri ndani ya folda yako, uandike php -S localhost:8000, kisha kwenye brauza uandike localhost:8000 badala ya kubofya faili. Hapo una jiko lako mwenyewe, na halili bando. JavaScript ni habari nyingine: hiyo inafanya kazi dakani, mbele ya mgeni, ndani ya simu yake. Iache kwanza.

Hatua ya kwanza ya PHP iwe ndogo hata uione aibu. Menyu yako itoe kwenye kurasa zote tisa, uiweke faili moja uiite menyu.php, na kila ukurasa uiite kwa include. Badilisha neno moja humo uone kurasa tisa zikigeuka pamoja. Mwanafunzi wangu mmoja alipoliona hilo aliinuka kwenye kiti akazunguka chumba.

Hatua ya pili ni jedwali. Fungua hifadhidata ya MySQL au, kwa mwanzo rahisi zaidi, SQLite, ambayo ni faili moja tu. Jedwali liitwe safari, na nguzo zake jina, bei, maelezo, picha. Safari nane, mistari minane. Zile kurasa nane zinakufa, unabaki na mmoja, safari.php, unaoulizwa "nipe ya tatu" ukaleta ya tatu. Ukurasa wa mwanzo unasoma jedwali hilo hilo. Bei ya machweo sasa imeandikwa mahali pamoja duniani. Haiwezi kuwa mbili gatini hata ukitaka.

Utaniuliza, kwa safari nane tu kuna haja? Kwa bei peke yake pengine ungevumilia. Lakini fikiria Takwa. Mashua inaingia kwa mkondo wa mikoko, na maji yakipwa haipiti. Ina maana saa ya kuondoka inafuata maji, na maji yanajaa yakichelewa kama dakika 50 kila siku. Leo mnatoka saa mbili asubuhi, baada ya siku nne mnatoka kama saa tano na dakika ishirini. Wewe uliandika nini kwenye ukurasa wa Takwa? Bila shaka "asubuhi". Ukurasa uliochongwa mara moja hauwezi kusema kweli juu ya Takwa zaidi ya siku mbili tatu. Weka jedwali la pili, tarehe na saa ya kuondoka, Mjomba akujazie mwezi mzima kwa kujua kwake bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), na PHP imsomee mgeni tarehe aliyoichagua. Hapo ndipo tovuti yako itaizidi nyingine yoyote ya mashua hapo kisiwani, na si kwa sababu ya rangi.

Kuhusu fomu ya kuweka nafasi, jaribu jambo moja kabla hujamwonyesha mtu. Andika jina Ng'ang'a. Kama uliunganisha maneno ya mteja moja kwa moja kwenye amri ya SQL (lugha ya kuiamrisha hifadhidata), kama video nyingi za zamani zinavyofundisha, fomu itavunjika, kwa sababu ile alama ya ng' inaiambia hifadhidata kwamba jina limeishia kwenye Ng na yanayofuata ni amri. Mteja wako hana nia mbaya, ana jina tu. Mwenye nia mbaya ataandika baada ya alama ile amri ya kufuta jedwali lako, au ya kusoma simu za wateja wote. Tumia PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata, uandike amri yenye alama za kuuliza mahali pa majina kwa prepare, majina yapelekwe peke yake kwa execute. Unapoyaonyesha tena kwenye ukurasa, yapitishe kwenye htmlspecialchars, ili alama zilizomo zisisomwe kama HTML. Mteja akishatuma, mpeleke ukurasa mwingine wa asante. Usipofanya hivyo akibonyeza kusasisha utajikuta na nafasi mbili za mtu mmoja. Na ukianza kushika majina na simu za watu, ujue Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Chukua jina, simu, tarehe na idadi ya watu. Pasipoti ya mgeni unaitakia nini?

Kulipa humo humo, Desemba hii, hapana. M-Pesa ina mlango wake wa mafundi unaoitwa Daraja, na utaufikia, lakini pesa za watu si mahali pa kujifunzia ukiwa na mwezi wa nane. Mgeni aweke nafasi, Mjomba ampigie au amwandikie WhatsApp, walipane wanavyolipana siku zote. Mwambie Mjomba hivyo sasa, kwa mdomo wako, kabla hajamwahidi mtu. Nakufahamu wewe ni mpwa na yeye ni mjomba, na kumwambia mkubwa "hapana" kwetu si jambo la kurusha tu. Mpelekee pamoja na "ndiyo" tatu: bei itakuwa moja, saa za Takwa zitakuwa za kweli, na kila usiku ataona orodha ya waliojiandikisha.

Mtoto wa Mjomba yuko sawa kwa jambo moja. React ni chombo kizuri, ilitolewa na Facebook mwaka 2013, na kampuni nyingi zinaitafutia watu. Lakini React ni JavaScript, inatoa HTML, nayo inapambwa kwa CSS, kwa hiyo ulichojifunza miezi minane hakitupwi popote. Na hiyo ya wazee, mwulize siku hizi anasomea wapi kazi za chuo. Wikipedia inaendeshwa kwa PHP. WordPress vilevile. Usimjibu kwa ukali lakini. Mtumie faili yako ya fomu umwombe ajaribu kuivunja. Vijana wa chuo hawalikatai ombi hilo, na utapata mkaguzi wa bure.

Mpango wangu kwako: wiki hii style= na !important tu, usiguse PHP. Wiki ijayo menyu. Jedwali la safari lichukue mwezi mzima ukitaka. Kabla ya kila badiliko kubwa nakili folda yote uandike tarehe, mpaka utakapojifunza Git, chombo cha kutunza matoleo ya kazi yako.

Na jedwali likikubali, mwandalie Mjomba ukurasa mdogo wenye nywila, ndani yake orodha ya safari na kisanduku cha bei mbele ya kila moja. Siku atakayokuja kunywa kahawa, mgeuzie laptopu. Mwache abadilishe bei ya machweo kwa kidole chake mwenyewe, halafu mwambie afungue simu yake, atazame ukurasa wa mwanzo.